Redio wa Meli ya Mama Mkwe

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 21 Februari 1948, katika nyumba ya bati iliyotazamana na karakana ya baiskeli. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la mbao, na mama yake alishona sare za shule. Alikuwa mtoto wa tatu. Wa pili hakufikisha mwaka, kwa hiyo marehemu alikua akiwa na dada mmoja tu, ambaye leo amekaa kiti cha mbele na fimbo yake. Dada huyo anasimulia kwamba mtoto alipozaliwa hakulia. Mkunga alimpiga makofi mgongoni, akambinua, akampuliza usoni, kimya. Watu walikwisha kuanza kutazamana. Mara akapasua kilio kilichosikika mpaka ghalani, baba yake akaacha lango wazi akakimbilia nyumbani. "Alichelewa kuanza," dada yake husema, "na alipoanza hakunyamaza tena." Ilikuwa kweli kwa zaidi ya miaka sabini, hadi ugonjwa ulipokuja kumnyamazisha kwa nguvu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho, ila alikuwa na kipaji kimoja ambacho walimu walikigundua mapema. Ukimtuma neno, alilifikisha kama lilivyo. Mwalimu wa hesabu alimtuma siku moja kwa mwalimu mkuu kusema kwamba chaki zimekwisha. Mtoto akasimama mlangoni kwa mkuu, akakohoa mara mbili, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Mwambie yule mtu chaki zimekwisha, kama bado anakumbuka kuwa hapa ni shule." Mwalimu wa hesabu hakumtuma tena. Mwalimu mkuu, kwa upande wake, alimfanya mjumbe wake mpaka alipomaliza darasa la mwisho. Sekondari alisoma hadi kidato cha nne, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1966. Mwaka huohuo baba yake aliugua mapafu, na ikawa lazima kijana atafute kazi.

Tarehe 3 Aprili 1967 alijiunga na jeshi la wanamaji. Maji mengi aliyowahi kuyaona mpaka siku hiyo yalikuwa ya pipa la mvua nyumbani kwao. Ofisa aliyekuwa akiwapokea vijana alimwuliza kama anajua kuogelea, naye akajibu kwamba angejifunza atakapoanguka. Walicheka, wakampeleka kwenye mafunzo ya mawasiliano, ambako mkufunzi mmoja mkali, mtu mfupi mwenye jicho moja bovu, aliwafundisha sheria ambayo marehemu aliishika maisha yake yote. Sheria yenyewe ilisema: ujumbe usiorudiwa haujafika. Ukipokea neno redioni, unamrudishia aliyelituma, neno kwa neno, naye akikubali ndipo unalipeleka kwa wakubwa. Hata kama meli inaungua, unarudia kwanza. Wengine waliiacha sheria hiyo darasani. Yeye aliirudisha nyumbani kama mtu anavyorudi na lafudhi ya ugenini.

Mwaka 1969 alipangiwa meli. Meli hiyo ilikuwa na namba ubavuni na jina rasmi lililoandikwa kwa rangi nyeupe, lakini mabaharia wake waliiita Mama Mkwe, kwa sababu ukikaa naye ni lazima uwe na adabu, na hata umtumikie vipi hakosi la kulalamika. Ilikuwa meli kuukuu ya mvuke, iliyopita kwenye mikono ya watu wengi kabla ya kuwafikia wao. Milango yake ilikwama wakati wa joto na kufunguka yenyewe wakati wa baridi. Chumba cha redio kilikuwa chembamba kiasi kwamba aliyekaa ilibidi asimame ili aliye nje aweze kufungua mlango. Humo marehemu alikaa miaka kumi na tisa. Humo pia ndimo alimopewa jina la Redio, jina ambalo wengi mliofika hapa leo mmelijua kuliko alilopewa na wazazi.

Rafiki yake mkubwa melini alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa maneno machache, ambaye kila alichokigusa alikiachia alama nyeusi ya kidole. Huyo walimwita Grisi. Mmoja alifanya kazi juu kabisa na mwingine chini kabisa, mmoja alisema mchana kutwa na mwingine alitikisa kichwa. Mwaka 1974 simu ya ndani ya meli ilikatika wakati wa mazoezi, na Redio akatumwa kushuka kwenye mitambo kupeleka amri ya nahodha kwa mdomo. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuisema wakati bomba la mvuke lilipopasuka nyuma yake. Grisi alimsukuma akaangukia upande wa pili, na mvuke ukampata Grisi mwenyewe kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Ngozi ya mkono huo ilibaki imekunjamana hadi leo. Marehemu alipenda kusimulia kwamba Grisi, akiwa amelala chini na mkono ukitoa malengelenge, alimwambia, "Malizia amri ya nahodha, nami nikurudishie." Akaimalizia, naye akairudia yote, ndipo akazirai.

Tarehe 12 Juni 1976 marehemu alifunga ndoa na opereta wa simu wa posta, ambaye alikuwa amemwunganishia simu kwa miezi mingi kabla hawajaonana. Alimpenda sauti kwanza. Siku ya ndoa, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, alilirudia swali lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu, kisha akasema, "Nimepokea." Mama mkwe wake, yule wa kweli, alikasirika akidhani ni dhihaka. Mkewe alielewa. Walijaliwa watoto watatu: binti, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, kisha mvulana, kisha binti mwingine. Wote watatu walikua wakirudishiwa maneno yao. Ukimwambia baba unataka viatu, ulisikia, "Unataka viatu, vyeusi, vya kufunga kamba, kabla shule hazijafunguliwa." Ilichosha, lakini hakuna mtoto wa nyumba hiyo aliyewahi kusema kwamba baba hakumsikia.

Tarehe 30 Septemba 1988 Mama Mkwe alistaafishwa. Bendera ilishushwa, mabaharia wakapiga saluti, na meli ikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Kengele yake ya shaba waliachiwa wao. Hapakuwa na ubishi mrefu juu ya nani akae nayo. Walimpa Redio kwa sababu ndiye aliyejua kila mmoja wao anapatikana wapi. Wiki kadhaa baadaye alikwenda peke yake kwenye uwanja ambako meli zilikatwa. Hakumwambia mtu anakokwenda. Alikuta chumba chake cha redio kimekatwa katikati, kinaning'inia kwenye winchi, rangi ya kijani ya ukuta wa ndani ikipigwa jua hadharani, na ndoano aliyokuwa akitundikia kofia bado ipo. Alirudi nyumbani akakaa siku nzima bila kusema, na watoto wake, waliokuwa hawajawahi kuona jambo kama hilo, walimwogopa.

Alipofungua mdomo tena alisema kwamba vyuma wamekata, lakini watu hawajakatwa. Ndipo ikaanza ile kazi ambayo aliifanya mpaka mwisho. Riziki aliipata kwenye kibanda cha kutengeneza redio, nyuma ya duka la vitambaa, hadi mwaka 2008. Lakini ukimwuliza kazi yake alikuambia kwamba anawatunza watu wa Mama Mkwe. Alipata habari za kila mmoja: nani amehama, nani amefiwa, nani kanuna na mkewe, nani anakunywa kupita kiasi na anahitaji kutembelewa. Wawili waliokuwa hawasalimiani tangu enzi za melini aliwaalika nyumbani kwake siku ileile, saa ileile, bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake yupo, akatoka akafunga mlango kwa nje. Walitoka humo wakiwa wamemkasirikia yeye badala ya kukasirikiana wao kwa wao, naye akasema hilo linamtosha.

Kila tarehe 30 Septemba, saa nne asubuhi, aliwapigia simu wote, mmoja baada ya mwingine. Waliiita Kuitana. Aliigonga kengele mara moja, akataja jina la utani la mtu, na mtu huyo akajibu, "Nipo zamu." Basi, hapakuwa na zaidi ya hapo. Waliotaka maongezi waliongea siku nyingine. Mmoja wao alipofariki, kengele iligongwa mara nane, kama ilivyogongwa melini zamu inapokwisha, na mwaka uliofuata jina lake liliitwa vilevile, ila rafiki yake wa karibu ndiye aliyemjibia, "Zamu yake imekwisha." Hakuna jina lililoachwa kuitwa. Marehemu alisema kwamba mtu hafi kwa kuzikwa, hufa siku watu wanapoacha kumwita.

Jambo la pili alilolifanya ni zile kaseti. Alizunguka na kinasa sauti chake, akamwomba kila baharia aeleze sehemu yake ya meli, na sehemu yake tu. Mpishi alieleza jiko na jinsi sufuria zilivyofungwa kwa minyororo zisiruke. Mshika usukani alieleza usukani ulivyovuta upande wa kulia kama mbuzi mkaidi. Nahodha mwenyewe, akiwa ameshazeeka na kupofuka, alieleza ngazi zote za meli kwa kuhesabu vidato, akalia katikati ya mkanda na hakutaka kilio chake kifutwe. Marehemu alizipanga sauti hizo kuanzia omo, mbele kabisa, hadi tezi, nyuma kabisa, ili mtu akifumba macho na kusikiliza, aweze kutembea ndani ya Mama Mkwe mwanzo hadi mwisho. Chumba cha mitambo alikiacha kwa ajili ya Grisi. Grisi wakati huo alikuwa amehamia mji wa machimbo, mbali sana, akihudumia pampu za kuvutia maji. Walikubaliana kwamba atakapokuja likizo atarekodi.

Kuhusu linalofuata, wapo katika familia walioshauri lisisomwe leo. Mke wa marehemu alisema lisomwe, la sivyo wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine.

Mwezi Juni 2003, mmoja wa mabaharia wenzake alimpigia simu akasema Grisi amefariki hospitalini kule machimboni. Marehemu alimwuliza nani kamwambia. Akajibiwa ni watu waliotoka huko. Alijaribu kupiga simu machimboni, laini ilikuwa mbovu. Akajaribu tena jioni, bado. Asubuhi mwenzake alipiga tena, akamwambia mji mzima unajua, kwani lisemwalo lipo. Mtu aliyewalea wanawe kwa kurudia kila neno, siku hiyo hakupata wa kumrudishia, na hakungoja. Aligonga kengele mara nane. Akawapigia simu wote.

Kisha, kwa sababu mama yake Grisi alikuwa hai na aliishi mitaa michache kutoka hapo, aliona si adabu mzee yule asikie habari hiyo barabarani. Alivaa koti lake, akaenda kumwambia mwenyewe. Alimkuta amekaa kibarazani anachambua mchele. Alimwambia kwa upole kuliko mtu mwingine yeyote angeweza, na mkewe, aliyefuatana naye, anakumbuka kwamba mama yule aliuliza swali moja tu.

"Umemwona?"

"Nimepata ujumbe, mama," alimjibu.

Mama akaweka ungo chini. Alilazwa siku hiyo, hakula, na kabla wiki haijaisha akafariki. Grisi alikuja kumzika. Alikuwa mzima kabisa. Aliyefariki alikuwa fundi mwingine wa karakana ileile ya pampu. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, walisema wahenga, na kidole cha kujikwaa hupona.

Watu waliotarajia ugomvi pale makaburini hawakuuona. Grisi angecheka maisha yake yote kwamba aliwahi kupigiwa kengele akiwa hai. Kwa mambo ya namna hiyo alikuwa mtu wa mzaha. Lakini kaburi lililokuwa mbele yake halikuwa lake. Alipomaliza kutupa udongo alimwendea Redio, akamwambia maneno ambayo wote waliokuwa karibu waliyasikia.

"Kila mwaka uliniita nikaitika. Mara hii ulishindwa nini kuniita?"

Akageuka akaondoka. Marehemu hakujitetea, wala hakutaja laini mbovu, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Tangu hapo mabadiliko yake yalionekana na kila mtu. Aliendelea kuzungumza, maana ndivyo alivyoumbwa, lakini katikati ya kicheko alisimama, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka chumba kingine.

Kuitana hakukusimama. Kila tarehe 30 Septemba zamu ya Grisi ilipofika, alipiga simu machimboni, akagonga kengele mara moja, akamwita. Simu ilipokelewa. Hilo ndilo lililomtesa na kumpa matumaini kwa pamoja. Ilipokelewa kila mwaka, na upande wa pili hapakusemwa kitu. Alisubiri kidogo, kisha akasema, "Nitaita tena mwakani," akaweka simu chini kwa mikono miwili. Binti yake wa mwisho, ambaye ni muuguzi na hana subira na unyonge, alimwambia aache kujitesa, yule mtu hamtaki. Mkewe, kwa uzoefu wa miaka yake posta, alimjibu binti badala ya mumewe: mtu asiyetaka kuitwa hubadilisha namba.

Mafundi wengine wa mitambo walifariki mmoja mmoja, na hakubaki aliyeijua sehemu ile isipokuwa Grisi. Wageni walipokuja nyumbani marehemu aliwawekea zile kaseti, wakatembea na sauti kutoka omo, wakapita jikoni, wakashuka ngazi na nahodha kipofu, na hapo mkanda ukawa kimya. Wengi walidhani mashine imeharibika, wakanyoosha mkono kuigonga. Aliwazuia. "Subirini," aliwaambia, "hapo ni mitambo." Walikaa wakisikiliza mkanda mtupu ukizunguka, wakiona aibu kutazamana, mpaka sauti ya mlinzi wa sitaha ya nyuma ilipoanza upande wa pili wa kaseti. Meli yake ilikuwa kamili, ila haikuwa na kitu cha kuiendesha.

Mwaka 2019 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua, kisha akadhani ni vumbi la kibanda, ingawa alikuwa ameacha kibanda zamani. Madaktari waligundua saratani ya koo. Kuitana kwa mwaka 2020 alikufanya kwa sauti iliyobaki, na baadhi ya wenzake hawakumtambua mpaka waliposikia kengele. Mwezi Machi 2021 alifanyiwa upasuaji, akaondolewa kisanduku cha sauti. Mtu aliyeanza maisha kwa kilio kilichosikika ghalani sasa alizungumza kwa kibao cha mtoto wa shule na chaki. Binti yake muuguzi alimsafisha tundu la shingoni alilokuwa akipumulia kila siku, na alisema kazini ameona mengi, lakini jambo gumu kuliko yote lilikuwa kumwona baba yake akicheka bila kutoa sauti.

Tarehe 30 Septemba 2021 aligonga kengele yeye, na mkewe ndiye aliyeita majina. Bibi yule wa posta alirudia kazi yake ya usichana, simu sikioni, mgongo umenyooka. Ilipofika zamu ya Grisi, marehemu alimpa ishara asubiri, akaandika kwenye kibao polepole, akafuta, akaandika upya. Mkewe akausoma ujumbe huo simuni kama ulivyokuwa:

"Grisi. Nilimpelekea mama yako ujumbe ambao sikuupokea. Aliniuliza kama nimekuona, nami sikuwa nimekuona. Nisamehe. Rudia."

Upande wa pili palikuwa na pumzi za mtu. Zilikaa muda, kisha simu ikakatika. Mkewe alimwambia, "Amesikia, baba watoto. Nimemsikia anasikia." Marehemu akachukua kitambaa, akafuta kibao, akaandika neno moja na kumwonyesha. Aliandika, "Hajarudia."

Baada ya hapo alidhoofika upesi. Hakutaka kurudi hospitalini, na madaktari nao hawakusisitiza. Alihamishiwa sebuleni, karibu na ukuta wenye kengele, picha za wenzake, na kipande cha mbao ya sitaha ambacho aliwaomba wale watu wa vyuma chakavu. Kila asubuhi alitaka awekewe kaseti, na mkanda ulipofika kwenye kimya chake hakuruhusu usogezwe mbele. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 11 Februari 2022, mkewe akiwa amemshika mkono. Kaseti ilikuwa inazunguka. Mkewe hakumbuki ilikuwa imefika wapi, na amesema asiulizwe tena.

Wasifu huu ulipaswa kuishia hapo, na mchapaji alikwisha kuupanga. Yafuatayo yaliongezwa jana, ndiyo maana herufi zake ni ndogo.

Jumatatu mchana mzee mmoja alifika nyumbani akitembelea magongo mawili, amevaa koti zito lisilofaa kwa joto la hapa. Mke wa marehemu alimtazama mkono wa kushoto, akamwita jina kabla hajajitambulisha. Grisi hakukaa. Aliuliza Redio yuko wapi. Habari ya msiba haikuwa imemfikia, maana alikuwa njiani; mjane ndiye aliyemwambia. Alishikilia mlango, akaomba apelekwe.

Walimpeleka chumba cha maiti, mjane na binti mkubwa. Mhudumu alivuta droo, akafunua shuka mpaka kifuani. Grisi aliegemeza magongo ukutani, akavua kofia, akajishikilia kwenye kingo za chuma. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma redioni, polepole na bila kuruka kitu:

"Grisi. Nilimpelekea mama yako ujumbe ambao sikuupokea. Aliniuliza kama nimekuona, nami sikuwa nimekuona. Nisamehe." Hapo akajibu: "Umesikika. Nimekusamehe. Rudia, Redio."

Mhudumu aliyekuwa mlangoni akatazama pembeni. Grisi alingoja. Alingoja kweli, kama mtu aliyeko zamu, na waliokuwa naye hawakuwa na la kufanya ila kungoja pamoja naye.

Njiani kurudi alimweleza mjane yaliyokuwa moyoni mwake. Miaka ile ya kwanza hasira ilimziba mdomo. Baadaye hasira ilikwisha, ikabaki haya. Kila mwaka alikaa karibu na simu tangu asubuhi, ili asikie anaitwa. "Nilidhani ile sauti ipo tu, shemeji," alisema. "Mwaka jana ulipoita wewe badala yake ndipo nilijua nimechelewa. Nikasema hili silirudii kwa simu, nitalirudia ana kwa ana. Lakini nilikuwa nimeumia nyonga, nikaambiwa ningoje ipone ndipo nisafiri. Nikangoja." Mjane hakumlaumu. Alimwambia yeye naye, siku ile ya simu, angeweza kumwambia mumewe kwamba Grisi amerudia. Ungekuwa uongo mdogo wa kumpumzisha mgonjwa. Lakini mumewe hakuwahi kumdanganya kwa miaka arobaini na mitano, naye hakuweza kuanza yeye.

Jioni Grisi aliomba kinasa sauti. Alikaa kwenye kiti cha marehemu, wakamtafutia pale mkanda ulipo mtupu, akaanza kueleza mitambo: ngazi ya kushukia, joto linalokupiga usoni kwenye kidato cha nne, boila ya kwanza na tabia zake, mahali bomba lilipopasuka na nani alikuwa amesimama wapi. Nafasi aliyoachiwa haikumtosha. Mkanda uliisha kabla hajafika boila ya pili, kitufe kikaruka chenyewe. Alikisikia kikiruka. Aliendelea hivyohivyo, akiitazama kengele, mpaka alipoimaliza mitambo yote.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, na dada yake mkubwa ambaye amewazika sasa wote waliozaliwa naye. Ameacha pia mabaharia watano wa Mama Mkwe, ambao wamekaa safu ya tatu na wameombwa na daktari wasisimame, ingawa familia inajua watasimama. Kaseti zote zitatunzwa nyumbani, na yeyote anayetaka kutembea ndani ya meli hiyo atakaribishwa. Kila tarehe 30 Septemba, saa nne asubuhi, mjane ataendelea kuita majina.

Wasifu huu ukishasomwa, Grisi atagonga kengele mara nane. Kisha mjane ataita jina la Redio, mara moja tu, kama marehemu alivyokuwa akiwaita wenzake. Familia inaomba pawe kimya hapo, asijibu mtu mwingine yeyote. Mwenye haki ya kumjibia yupo, amefika, na amekwisha kuisema sentensi yenyewe mara kadhaa peke yake uani tangu alfajiri ya leo, ili isimkwame.

Ujumbe wake umerudiwa. Alale salama; zamu yake imekwisha.